Usimpe Jina Leo

Mjukuu wangu, karatasi uliyoniachia mezani nimeisoma. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na miwani. Majina kumi na manne kwa kijibwa kimoja ambacho bado hakijui kupanda ngazi ya baraza! Juu kabisa Simba, kisha Rambo, Danger, Mazembe, Mulopwe, na kule chini Kidiaba, ukaongeza alama tatu za mshangao. Unataka nikuchagulie moja kabla ya Jumapili, kwa sababu watoto wa barabara ya pili wameshaanza kumwita Kambwa, nawe unaogopa jina hilo litamganda.

Sitachagua. Mbwa ni wako, na mdomo utakaomwita ni wako. Lakini vuta kigoda ukae. Mimi nkambo wako nina ya kusema kuhusu majina, na mengine nitayasema kwa aibu.

Kwanza, hofu yako ya Kambwa naielewa. Hapa kwetu mtu akikanyagwa mguu sokoni, neno la kwanza linalomtoka ni imbwa. Imbwa wewe! Hata kusema "huyu ni mtoto wa mbwa" mbele ya wageni siwezi bila kutazama kwanza nani amekaa karibu, asije akadhani namtukana. Hakuna mnyama mwingine anayebeba mzigo huo. Mbuzi akiitwa mbuzi ameitwa tu. Mbwa akiitwa mbwa ni kama amehukumiwa. Kwa hiyo jina lako ndilo litakalomtoa ndani ya tusi. Siku litakapomkaa vizuri, jirani hatasema "imbwa ya kwa mzee", atasema fulani amepita hapa asubuhi.

Unajua mbwa wa Kongo anaitwaje huko Ulaya na Marekani? Basenji. Yule mdogo mwekundu, vidole vyeupe, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo kama konokono. Habweki kama hawa wetu. Akifurahi hutoa sauti iliyo kati ya kicheko na kilio. Huko kaskazini, Ituri na Uele, wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, kwa sababu akiingia kichakani hana sauti ya kuwaambia yuko wapi. Waingereza walimwonyesha London, kwenye maonyesho ya mbwa ya Crufts, mwaka 1895, na wale wa kwanza wakafa upesi kwa maradhi. Ilipofika mwaka 1937 mama mmoja wa Kiingereza, Olivia Burn, akawapeleka wengine Crufts, na tangu hapo wamezaana hadi ng'ambo ya bahari.

Sasa lisikilize hilo jina. Basenji. Livue koti la Lingala na ndani utamkuta mshenzi wetu tunayemjua. Washenzi, ndivyo watu wa misafara kutoka pwani walivyowaita watu wa bara, yaani babu zetu sisi. Mbwa wa basenji ni mbwa wa watu wa porini, watu wasiojua kitu. Mgeni akalichukua neno hilo kama lilivyo, akaliandika kwenye daftari, likapanda meli. Leo yuko mwanamke Chicago au Stockholm anayefungua mlango jioni na kumwita kipenzi chake, na hajui kwamba anasema: mshenzi, njoo ule. Mbwa hana kosa. Mtu alimtazama mwenye mbwa kwa dharau, dharau ikaingia katika jina, na jina limeishi kuliko wote waliolitoa. Ndiyo maana nakuambia usiharakishe. Jina ni jepesi kulitoa, na kulirudisha ni kazi ya vizazi.

Mimi mwenyewe nimebandikwa majina na kubanduliwa. Nilipozaliwa, Likasi ilikuwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, injinia Mbelgiji ambaye sidhani kama kuna mtoto wa mtaa wa Kikula aliyewahi kujua sura yake. Mwaka 1966 mji ukarudishiwa jina la Likasi. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire, na haukupita muda Katanga yetu ikaitwa Shaba. Mwaka 1972 Mobutu akatangaza kwamba majina ya ubatizo ni ya kikoloni, akaanza na lake mwenyewe: Joseph-Désiré akafa, akazaliwa Sese Seko. Nami niliyebatizwa kwa jina la mtakatifu nikaenda kupanga foleni ofisini nikachukua jina la babu wa baba yangu. Nililipenda, sikatai. Ila nilikuwa nimeshazoea kugeuka nikisikia lile la kwanza, na mama yangu alikufa bila kukubali kuliacha. Mwaka 1997 Shaba ikawa Katanga tena, mwaka 2015 Katanga ikakatwa vipande vinne. Mtu wa umri wangu anaweza kulala kitanda kile kile maisha yake yote na bado akawa amehamahama.

Na unajua katika kambi yetu ya wafanyakazi ni nani pekee aliyebaki na jina lake la Kizungu mwaka ule? Mbwa wa fundi mkuu. Aliitwa Rex. Rex ni mfalme kwa Kilatini, mapadri walitufundisha. Sisi watu tuliambiwa tuache Pierre na Marie, watu wakaitana citoyen na citoyenne, na Rex akaendelea kutawala karibu na jalala bila kuulizwa hati. Tulikuwa tukicheka chini chini, maana kucheka wazi kulikuwa na bei.

Haya, karatasi yako.

Rambo nimeshazika watatu. Endelea.

Danger. Neno hilo limeandikwa kwenye nguzo za umeme, na fuvu la mtu limechorwa chini yake, na bado watu wanapanda usiku kukata nyaya. Kama nguzo yenye umeme ndani haiogopwi, mbwa wako mwenye masikio kama majani ya kisamvu ataogopwa na nani? Isitoshe, jina la kutisha humfanya mwenye mbwa amtake mbwa awe mkali. Utaanza kumchokoza kwa fimbo ili alistahili jina lake. Wazee walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, na walikuwa wakimtazama msasi waliposema hivyo.

Simba najua umeitoa wapi, ile filamu ya katuni. Ni jina zuri, la kiume, na ndiyo sababu kila mbwa wa tano kutoka hapa hadi Mombasa ni Simba. Ukisimama barabarani jioni ukaita Simba, watakuja watatu, na mlevi mmoja atakayedhani unagawa bia ya Simba, ile ya Lubumbashi. Lakini lipo jambo jingine ambalo hukufundishwa. Mwaka 1964 waasi walioiteka Stanleyville, Kisangani ya leo, walijiita Simba. Waliamini dawa yao hugeuza risasi kuwa maji. Watu wengi walikufa, kwa mikono yao na kwa mikono ya waliokuja kuwaondoa. Ukiwa na jirani wa umri wangu aliyetoka Kindu au Kisangani, utakuwa unapiga kelele neno hilo mlangoni pake gizani. Yeye hatakuambia kitu. Atafunga dirisha tu.

Mulopwe, hapana. Hapo sina utani. Hicho ni cheo cha wafalme wa Baluba, na kinabeba damu na ibada. Albert Kalonji alipojitwalia cheo hicho kule Kasai ya Kusini mwaka 1961 maneno yalikuwa mengi, naye alikuwa mtu mzima mwenye suti. Sembuse mbwa wako anayelamba sufuria. Vivyo hivyo usimwite Mwami, maana Bunkeya haiko mbali na Bayeke wanao Mwami wao. Utasema unamtukuza mbwa. Wao watasema umemshusha mfalme, na mimi ndiye nitakayeitwa kulipa mbuzi.

Mazembe. Hapa moyo wangu umelegea kidogo. Nilikuwa kijana timu hiyo ilipochukua kombe la Afrika mara mbili, 1967 na 1968, na wakati huo ikiitwa Englebert. Englebert lilikuwa jina la matairi ya gari! Timu ya watu wa Katanga ikitisha bara zima kwa jina la tairi. Basi wewe usidhani jina dogo humzuia mwenye nguvu. Lakini fikiria siku Mazembe watakapofungwa na Lupopo. Utatoka nje kumwita mbwa wako ukiwa umevaa nini usoni?

Na huyu Kidiaba. Nilicheka peke yangu mpaka bibi yako akaja kuchungulia. Najua umelitoa wapi: unamwona kijibwa anakaa chini kisha anajiburuta kwa makalio uani, nawe ukamkumbuka kipa wetu Robert Kidiaba akiruka ruka kwa makalio kila Mazembe walipofunga bao, mwaka ule wa 2010 walipofika fainali ya klabu za dunia dhidi ya Inter Milan. Umeona vizuri, una jicho. Lakini Kidiaba alikuwa anashangilia. Mbwa wako ana minyoo, au tezi zake za nyuma zimejaa. Hiyo ni habari ya kumpelekea daktari wa mifugo. Tena mtu mzima aliye hai na heshima yake ana watoto na wakwe. Mbwa hampi mtu heshima kwa kuchukua jina lake, hata kama wewe unampenda mtu huyo kuliko kipa yeyote. Na huko kwetu jina la mtu ni mtu. Ukimpa mbwa jina la binadamu, umemtafutia binadamu huyo wajina asiyemtaka.

Wabelgiji hawaoni shida hiyo. Yule mbwa mweupe wa Tintin, Milou, ambaye alichorwa akizunguka Kongo yetu kwenye gazeti la watoto la Brussels miaka ya 1930 na 1931, ni dume, na amebeba jina la utani la msichana ambaye mchoraji wake alimpenda ujanani. Kwao ni utani mtamu. Mimi ningemwandikia msichana barua.

Sasa ngoja nikwambie la kwangu. Bibi yako yuko jikoni, punguza sauti.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 jirani yangu wa ukuta mmoja alinikopa fedha za mabati. Alisema mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha, mwingine ukaisha, na noti za zaire zilikuwa zikiyeyuka kama barafu. Kila wiki aliyochelewa, mabati yangu yalipungua bati moja. Kumdai uso kwa uso niliona haya, maana mkewe alikuwa amempokea mama yako mikononi siku alipozaliwa. Basi nikatafuta mbwa. Dume, mweusi, sikio moja limepinda. Nikamwita Deni.

Kila jioni saa kumi na mbili, watu wakirudi kutoka zamu, kambi yote imekaa nje na bukari inasongwa, nilisimama mlangoni nikaita. Deni! Deni, rudi nyumbani! Deni, siku zote hizi unalala kwa nani? Watu wakaelewa usiku wa kwanza. Usiku wa pili watoto walikuwa wakiniitikia. Wiki ya pili jirani alikuja na bahasha, akaiweka mezani bila kuketi.

Nilijiona mjanja sana. Baadaye nikajua kwamba ujanja huo una wenyewe wa zamani. Kuna kabila la Baatombu kule Benin, humpa mbwa methali nzima kuwa jina, ili mwenye kinyongo amwite mbwa na mlengwa asikie. Washona wa Zimbabwe nao wanajulikana kwa hilo. Wanawake wa pwani hufanya hivyo kwa kanga. Hata yale maandishi ya pindoni wanayaita jina la kanga. Lakini mwanamke wa Mombasa akishamaliza ugomvi wake anaikunja kanga anaitia sandukuni. Mimi sikuwa na sanduku la kumtia Deni. Bahasha nilishaipokea, ugomvi umekwisha, na jioni saa kumi na mbili mbwa hayupo. Nifanye nini? Nikaita. Deni! Na yule jirani yuko nje anakula na wanawe.

Nilijaribu kumbadilishia. Nikamwita Polo, nikamwita Bobi. Alinitazama kama mtu anayesubiri umalize kuzungumza na mwingine.

Kisha ikaja miaka mibaya ya 1990, unayoisikia tu. Mishahara ikachelewa, ikakatika. Mimi nikawa mtu wa kuchukua unga dukani kwa kuandikiwa kwenye daftari. Nikipita mbele ya lile duka hutembea haraka, na Deni nyuma yangu, na mwenye duka, mtu wa kucheka sana, hutoka mlangoni na kumwita kwa sauti ya upole: Deni! Deni, kuja hapa, na mwenyewe umlete. Kambi nzima ilicheka kicheko kile kile nilichowafundisha mimi.

Na dume halikai nyumbani, hilo ujue mapema. Jike likiingia joto hata ng'ambo ya mto, harufu inamfikia, anavunja kamba anakwenda, anapigana, anarudi baada ya siku tatu amechanika sikio. Daktari wa mifugo anaweza kumhasi, na wengi wa siku hizi hufanya hivyo. Sisi hatukuwa na elimu hiyo. Deni alipotea siku tano. Nilimwita mpaka koo likauma. Usiku wa tano mlango ukagongwa. Ni yule jirani, amevaa buti za kazi, na mbwa amefungwa kwa kipande cha kitenge, anachechemea. Alikuwa amemkuta kando ya barabara ya malori alipotoka zamu, akamtembeza kwa miguu mpaka nyumbani. Akanishikisha kamba akasema: Nimekurudishia deni lako. Halafu akaenda kulala.

Sikupata usingizi. Mpaka leo nikikumbuka nasikia joto shingoni.

Kwa hiyo usimpe mbwa jina la kumsema mtu. Kuna kijana mwenzako hapa juu ambaye mbwa wake anaitwa Wivu, najua, nawe ulitaka kumjibu. Usimjibu. Wivu atakapompata mwenyewe, na atampata, ataita nini jioni?

Sasa kuhusu sikio la mbwa, maana jina ni kitu cha sikio. Lifanye fupi, sauti mbili zinatosha. Liishe kwa irabu unayoweza kuivuta mbali, maana barabara yetu ina malori ya mawe ya shaba mchana na usiku, na siku moja utakuwa na nafasi ya kuita mara moja tu kabla tairi halijafika. Lisifanane na neno la amri. Hapa watu huwasemesha mbwa Kifaransa, assis na couché, kisha wakikasirika wanarudi kwenye Kiswahili, toka! Ukimwita Toto, kila utakapomwita akirukaruka hatajua unamtaka au unamfukuza. Lisifanane pia na jina la mtu wa nyumbani. Dada yako ni Riri, basi usilete Kiri. Na usimwite kwa jina lake kisha ukampiga. Ukitaka kumkemea, mfuate alipo, funga mdomo kuhusu jina. Jina liwe na harufu ya chakula. Sema mara moja, akigeuka mpe samaki mmoja wa kapenta, basi. Baada ya siku chache atakuwa anageuka kabla hujamaliza.

Na jina litahitajika kwenye kadi. Akifikisha miezi mitatu achanjwe kichaa cha mbwa, hilo sibishani nawe. Ugonjwa huo ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Ukiumwa na mbwa yeyote, hata huyu wako, osha jeraha kwa maji na sabuni dakika kumi na tano, kisha mbio hospitali. Usingoje kuniuliza mimi.

Mama yako jana alisema tumpe la Biblia, kisha akaogopa mchungaji wake. Nilimwambia wako mbwa ndani ya Maandiko, sisi Wakatoliki tunaye wa Tobia, yule kijana aliyesafiri na malaika bila kumjua, na mbwa wao akaenda nao, akarudi nao. Hakuandikiwa jina. Malaika ametajwa, samaki amesimuliwa mpaka nyongo yake, mbwa amebaki mbwa. Waislamu nao wana yule aliyelala mlangoni kwa vijana wa pangoni. Kurani imemtaja bila jina, na ni wasimulizi waliokuja baadaye ndio waliomwita Kitmiri. Nimefikiri juu ya hilo. Walimwona kwanza alivyonyoosha miguu yake kizingitini, miaka ikapita, ndipo jina likaja.

Hata watu ndivyo wanavyopata majina yanayodumu. Stanley alikuja na jina lake refu la Kiingereza, lakini wenyeji wa Kongo ya chini walimwona akivunja miamba kupitisha barabara, wakamwita Bula Matari, mvunja mawe. Jina hilo lilikuwa kubwa mpaka likawa jina la serikali yenyewe. Babu yangu hakusema kodi ya Wabelgiji, alisema kodi ya Bula Matari. Hamed bin Muhammed wa Zanzibar alipopita na bunduki zake hatukumjua kwa jina la baba yake, tulimjua kama Tippu Tip, na yeye mwenyewe alisema ni mlio wa bunduki zile. Wote wawili walipewa walichostahili, kizuri au kibaya, na waliowatazama.

Basi mtazame huyu mdogo. Mimi nimemtazama wiki nzima ukiwa shuleni. Ni mwekundu kama waya wa shaba uliosuguliwa, na ningekuwa mtu wa haraka ningesema Shaba, jina la jimbo lililokufa lipate mrithi. Lakini rangi ni kitu cha kwanza kuonekana na cha kwanza kuzoeleka. Nimeona zaidi ya rangi. Anaogopa kuku mweupe, mweusi hamwogopi. Akipewa bukari hali mpaka ageuke aangalie kama kuna mtu nyuma yake. Mvua ya juzi ilipopiga bati, hakulia; alikwenda akakaa juu ya kiatu changu cha kushoto, nami nikakaa saa nzima mguu umekufa ganzi nisimwamshe. Hayo ni ya kwake. Ndani ya mojawapo kuna jina, nawe ndiye utakayelisikia, kwa sababu wewe ndiye anayemfuata kwa macho hata tukiwa mezani. Mpe mpaka mvua zikate. Kwa sasa mpigie mluzi. Akiitwa Kambwa na watoto wa barabara ya pili, hatageuka. Mkono wa kapenta ni wako.

Nimebakiza jambo moja, na unadhani nimelisahau. Ulishawahi kuniuliza kwa nini wanawake wazee pale sokoni, wale wauza makaa, wananiita Baba Deni. Ulidhani nilikuwa na mtoto aitwaye Denis akafariki, ukaona huruma, hukuuliza tena. Nami nilinyamaza, Mungu anisamehe, nikakuacha uombe rozari kwa ajili ya mjomba ambaye hukuwa naye. Hapa mtu huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, na mimi, kabla mama yako hajajua kutembea mpaka barabarani, kambi ilikuwa imeshaamua mtoto wangu wa kwanza ni yupi. Miaka thelathini na zaidi. Mbwa alikufa mzee, tukamzika chini ya mwembe, mimi na yule jirani, yeye ndiye aliyeleta sepeto. Jumamosi iliyopita nikapita na kikapu, mmoja wao akapaza sauti kutoka upande wa pili wa soko, Baba Deni! nami nikageuka.

Chukua hizi faranga. Kesho ukitoka shule pitia kwa yule mama wa samaki, nunua kapenta wadogo, wasio na chumvi. Nusu ni za mluzi.